Isale lililofika darini

Mama mmoja alinipigia simu mwezi wa Julai, akaniambia ana ua linalosukuma dari. Nilidhani ananitania. Nina kitalu kidogo hapa Arusha, na wanaonipigia kwa kawaida wanataka ukoka wa uani au dawa ya wadudu wa waridi. Hili la dari lilikuwa geni. Jioni nilipofika nikakuta ni kweli. Isale la mashina mawili lilikuwa pembeni ya kabati la televisheni, ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Shina moja lilikuwa limefika darini, likakosa pa kwenda, likapinda na kuendelea kutambaa chini ya dari kama sentimita 40 kuelekea kwenye taa. Rangi ya dari ilikuwa imechubuka pale lilipogusa, ikabaki na michirizi ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, karibu. Mgonjwa wako huyo hapo. Ila nakwambia mapema, hakatwi."

Kwa asiyetoka Kilimanjaro, isale ni ule mmea ambao kwingine huuzwa tu kama ua la ndani: majani marefu yanayoinama kama ya mahindi, shina la kijivu lenye alama za pete tangu chini hadi juu. Jina lake la kitaalamu ni Dracaena fragrans. Huota lenyewe katika misitu ya Afrika ya kitropiki, na likiachwa huko linaweza kufika mita 15, kwa hiyo dari la mita 2.7 si kitu kwake. Uchagani ni zaidi ya ua. Hupandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na penye makaburi ya wazee, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Ukishaletewa isale, kukataa ni jambo zito. La Mama lilitoka mpakani mwa kihamba cha mama yake mzazi, Kibosho. Alilichukua mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya msiba, akalipanda kwenye ndoo ile ile niliyolikuta nayo. Kwa miaka 14 halikuwa limehamishwa chombo wala kuguswa na kisu.

Kuhusu kukata sikujibu kitu. Niliomba tochi, nikapiga magoti.

Udongo ulikuwa na ukoko mweupe juu, kama chumvi iliyokauka kwenye sufuria. Mashimo ya chini ya ndoo yalikuwa yamezibwa na mizizi iliyotafuta njia ya kutokea. Nikaomba maji lita moja nikamimina taratibu, na kabla sijamaliza yalishaanza kuchuruzika kwenye sinia lililo chini. Mama akasema, "Umeona? Linakunywa sana. Mimi namwagilia kila siku." Lakini lilikuwa halinywi. Mizizi ilikuwa imejaa ndoo hadi udongo ukabaki kidogo tu katikati, umeshikana kama tofali, na maji yalikuwa yakipita pembeni mwa ndoo na kutoka bila kulowesha kitu.

Majani yalikuwa na vumbi. Nililifuta moja kwa kitambaa, nusu ikawa kijani ya kung'aa, nusu ikabaki kijivu, Mama akashika mdomo. Kwenye makwapa ya majani ya juu kulikuwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba. Hao hawakunitisha, pamba na spiriti, mara moja kwa wiki, mara nne. Kilichonishughulisha ni ncha. Kila jani, la zamani na jipya, lilikuwa limekauka nchani kiasi cha urefu wa kidole, kahawia, na kati ya kahawia na kijani palikuwa na uzi mwembamba wa njano. Jani la zamani likikauka ncha siulizi. Jani lililofunguka juzi likiwa tayari limeungua, hapo kuna kitu.

Mama akaenda kupika chai. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikamwona anachota maji kwenye dumu la bluu lililofunikwa, na bomba la sinki lipo hapo hapo mkononi mwake. Nikamuuliza maji ya dumu ni ya nini.

"Ya mvua. Ya simtanki. Haya ya kisima siwapi wajukuu, yataharibu meno."

"Na ua unalipa yapi?"

Akanitazama, akatazama bomba, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Marehemu mumewe alikuwa Mmeru, mwenye yale meno ya kahawia ambayo watu wa huku wanayajua. "Kwa hiyo limekuwa kama mzee wangu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Miamba ya volkano ya upande wa Mlima Meru ina floridi nyingi, na visima na chemchemi nyingi za Arusha na Arumeru hutoa maji yanayozidi ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengeka, yanatoka na madoa. Isale nalo ni kati ya mimea ya ndani inayoumizwa upesi na floridi. Mmea huivuta pamoja na maji, maji yanapanda hadi majani na kutoka kama mvuke, floridi inabaki. Haina njia ya kurudi chini. Inarundikana pale mwisho wa safari, yaani nchani na kingoni, hadi seli zinakufa. Kwa hiyo ncha ya jani la isale sebuleni mwa mtu wa Arusha ni kama daftari la maji ya nyumba hiyo.

Hapa niseme jambo, maana ushauri huu unazunguka kila mahali: eti acha maji kwenye ndoo usiku kucha, au yachemshe, ndipo umwagilie. Kuyaacha kunaondoa klorini. Floridi haiendi popote. Ukichemsha ndiyo unazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki ile ile. Kinachoipunguza ni kama ule mkaa wa mifupa uliofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, au kutumia maji mengine kabisa. Mama alikuwa nayo maji mengine, lita 2,000 nyuma ya nyumba.

Baada ya chai nikarudi kwenye lile la kukata. Nikamweleza kwamba urefu ule si ugonjwa. Shina la isale hukua kutoka ncha moja tu iliyo juu. Ncha hiyo hutengeneza homoni iitwayo auksini, inayoshuka na kuviamuru vijicho vyote vilivyolala kwenye zile pete vibaki vimelala. Majani ya chini yanazeeka, yanadondoka, pete inabaki, na shina linazidi kwenda juu. Lisipokatwa wala kutoa ua, halina sababu ya kutoa tawi. La Mama halikuwahi kutoa ua, na halikuwahi kukatwa. Ukiondoa kichwa, amri inakoma, vijicho viwili vitatu vya chini ya mkato vinaamka.

"Naelewa," akasema. "Ila hili ni la mama yangu. Nitalikataje?"

"Mama yako alilipata wapi?"

"Kwa mama yake, alipoolewa."

"Alilipataje? Aling'oa?"

Akakaa kimya kidogo. Isale la mpakani haling'olewi, ni ugomvi wa ukoo. "Alikata fimbo," akasema. "Akaja kuichomeka."

"Na wewe 2010?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Nilikata fimbo."

Tukakubaliana hivyo. Lakini sikukata siku ile. Julai ya Arusha ni baridi, usiku mikono inaganda, na isale lililokatwa kwenye baridi hukaa tu bila kuchipua huku vipande vikioza taratibu. Tena lile lilikuwa dhaifu. Lilikaa mita nne kutoka dirishani, nyuma ya pazia zito, na kuchipua kunakula akiba iliyomo shinani. Nikamwomba miezi miwili: lisogezwe karibu na dirisha la mashariki lisipigwe na jua la mchana, majani yafutwe, vidung'ata vitolewe, na kuanzia leo maji ya mvua tu. Kwa kuanzia tukalibeba hadi uani, tukalimiminia maji ya simtanki ndoo tatu polepole, moja baada ya nyingine, ili kuosha ile chumvi. Kulibeba kulihitaji watu watatu na kufungua milango yote, shina lilikuwa likigonga kila kizingiti.

Nilirudi wiki ya tatu ya Septemba, joto likiwa limeanza. Msumeno wa meno madogo, spiriti ya kuufutia, na kalamu ya wino mzito. Swali la kwanza la mtu yeyote anayekata isale liwe ni wapi anataka majani yakae, kwa sababu machipukizi hutoka hapo hapo chini ya mkato, hayatoki chini zaidi. Ukikata kwenye usawa wa kichwa chako, baada ya miaka miwili utakuwa na tatizo lile lile darini. Shina refu nilikata sentimita 60 kutoka kwenye udongo, la pili mita moja, ili vichwa vipya visije vikasukumana. Juu ya kila kisiki nikadondoshea nta ya mshumaa.

Mama hakuangalia. Aliingia ndani, akatoka nilipomwita kubeba vichwa.

Vichwa viwili nilivikata na shina la sentimita 40 kila kimoja. Majani nikapunguza, nikabakiza manane manane. Mtu huona uchungu kutupa majani mazima, lakini kichwa kisicho na mizizi kikiwa na majani thelathini kinakauka kwa kiu kikiwa kimesimama ndani ya maji. Kimoja nikakiweka kwenye mchanga wa mtoni kitaluni, kingine Mama alikitaka kwenye chupa kubwa ya kioo, aone mizizi ikitoka. Njia zote mbili zinafaa, mradi maji ya chupa yabadilishwe kila siku tatu nne. Kuna pia njia ya kuotesha mizizi kichwa kikiwa bado juu ya mti, kwa kulijeruhi shina na kulifunga nyuzi za nazi zenye unyevu ndani ya nailoni. Ni nzuri kwa mmea mgumu kuotesha. Isale si mgumu, naona ni kujichosha.

Iliyobaki ilikuwa fimbo. Sehemu iliyopinda nikaitupa, nyingine ikatoa pingili kumi za sentimita 20 hivi, kila moja na pete nyingi. Kanuni ya pingili ni kujua juu na chini. Zikishalala mezani zinafanana kama mishumaa, na ukiichomeka kichwa chini mizizi haitoki inakotakiwa. Kwa hiyo chini hukata mshazari, juu hukata bapa, na huchora mshale wa kuelekea juu. Kisha zikae kivulini siku mbili hadi mikato ikauke na kufanya kovu.

Tukagawana tano tano. Mimi nikazichomeka nusu urefu kwenye mchanga mkavukavu uliochanganywa na kokoto nyepesi za volkano. Mama nikamwachia mchanganyiko huo huo kwenye kiroba, nikamwambia, "Usimwagilie sana."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Baada ya wiki tatu akapiga simu. Moja inanuka. Nilipofika nikaipapasa, ganda likateleza mkononi kama ngozi ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, ndani ni uji wa kahawia. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Chombo kilikuwa kizito kwa maji. Kumbe kiroba changu alikiona kama udongo wa maskini, hauna rutuba, akaongeza samadi ya ng'ombe nusu kwa nusu, kisha akawa anamwagilia asubuhi tu. Kwake yeye, aliyezoea kumwagilia asubuhi na jioni, asubuhi tu si sana. Alikuwa amefuata maneno yangu. Pingili haina mizizi ya kunywa wala majani ya kuita maji, kazi yake ya wiki za kwanza ni kutooza. Nilipaswa kumwambia: chomeka kidole hadi kiungo cha pili, kikitoka na unyevu acha, na samadi subiri hadi kuwe na majani. Tangu siku ile mteja wangu yeyote namchukua kidole chake nakitia kwenye udongo mwenyewe.

Mbili zilizobaki tukaziosha, tukakata sehemu laini, tukazikausha upya siku tatu, zikaingia kwenye mchanga mtupu. Zote mbili zilipona.

Za kitaluni kwangu nne zilitoa mizizi ndani ya wiki saba. Ya tano ilibaki vile vile, ngumu, kijivu, haiozi wala haichipui. Nilipoitoa nikaona mshale unaelekea chini. Simu iliita nikiwa nachomeka, nikaendelea kuongea huku mkono ukifanya kazi. Mtu mwenye kalamu ya wino mzito!

Kichwa cha kwenye chupa kilimfurahisha Mama kuliko vyote. Wiki ya tano vikaonekana vivimbe vyeupe kwenye pete za chini, wiki ya saba mizizi imefika urefu wa kidole, ikaanza kugeuka rangi ya chungwa. Hiyo rangi ni alama nzuri ya kulitambua isale la kweli. Ule mmea mwingine wa majani mekundu ambao wauzaji barabarani nao wanauita isale ni Cordyline, mizizi yake ni myeupe.

Sasa visiki, ambavyo ndivyo vilivyomnyima Mama usingizi. Fimbo mbili tupu kwenye ndoo ya rangi, sebuleni, wageni wanauliza. Nilimkataza mambo mawili: asihamishe chombo, na asimwagilie ila mara moja kwa siku kumi, kikombe kimoja. Wapo wakulima wa maua wanaokata na kuhamisha siku hiyo hiyo. Mimi siwaungi mkono kwa mmea wa aina hii. Ukishaondoa majani yote, matumizi ya maji yanakaribia sifuri. Ukiupa wakati huo udongo mpya mwingi katika chombo kikubwa, unyevu unakaa wiki nzima bila mnywaji na mizizi inaoza. Ndoo finyu iliyojaa mizizi, niliyoilaumu Julai, mwezi wa Oktoba ndiyo iliyokuwa ikilinda kisiki.

Wiki ya sita Mama akanitumia picha kwenye simu, imepigwa karibu mno, haionekani vizuri. Chini yake ameandika: "Ni chunusi au ni nini?" Vilikuwa vijicho. Vitatu kwenye kisiki kifupi, viwili kwenye kirefu, vimepasua ganda kidogo na kuonyesha kijani kilichopauka.

Desemba, machipukizi yalipopita sentimita kumi, ndipo tukahamisha. Ndoo haikukubali kutoa kitu, tukaipasua kwa msumeno. Kilichotoka kilikuwa na umbo la ndoo hasa, hadi maandishi ya chini ya ndoo yalikuwa yamejichapa kwenye mizizi, rangi ya chungwa, imejizungusha kama kamba ya katani. Theluthi ya chini nikaikata yote, pembeni nikachana kwa kisu mara nne kwa wima ili mizizi mipya itoke kwenda nje badala ya kuendelea kuzunguka. Chungu kipya kilizidi ndoo kwa sentimita tano tu kila upande. Udongo: sehemu mbili za udongo wa msituni, moja ya mchanga, moja ya makapi ya kahawa yaliyooza, na vijiko viwili vya chakula vya chokaa ya kilimo kwa kila ndoo, kwa sababu udongo wenye tindikali huifanya floridi inywewe kwa urahisi zaidi. Mbolea ya superfosfeti nilikataa isitumike kabisa, yenyewe inakuja na floridi yake.

Hesabu ilivyosimama mwezi wa Januari: mama mtu, yaani lile isale lenyewe, mwenye vichwa vitano, vichwa viwili vya zamani kila kimoja na chungu chake, na pingili sita zilizoshika. Mbili alizibeba kwenda Kibosho Krismasi, zimeviringishwa kwenye khanga kama mtoto. Moja nimeachiwa mimi. Majani mapya kwenye mama mtu yalikuwa yakifunguka na ncha za kijani hadi mwisho, na kila nilipopita Mama alinishika mkono kunipeleka nizione, moja moja.

Februari mvua za vuli zilishasahaulika na za masika bado. Nikapita na mbolea, nikaona jani moja la juu lina doa la kahawia nchani, dogo kama punje ya mchele, na uzi wake wa njano. Sikusema kitu. Mama aliliona nikiliangalia.

"Simtanki imebaki robo," akasema. "Nikachagua chai."

Tukapima. Vyungu vyote vitatu vya ndani kwa pamoja vinahitaji lita tatu kwa wiki, ikiwa kidole ndicho kinachoamua. Dumu moja la lita 20 lingevifikisha masika. Akalijaza pale pale kutoka kwenye robo ile, akaandika juu yake kwa ile kalamu yangu ya wino mzito: YA ISALE. Kalamu hajairudisha.